Kiganja cha Mpima Farasi

Nchi yenyewe si hii. Naanza na hilo mapema, maana najua wapo wanaosoma kwa kuwinda majina, na mimi sina jina la kuwapa. Ni nchi ya mbali. Ukitoka hapa unapita kwa jirani, unapita kwa jirani wa jirani, na ukisikia watu wanapiga makofi kabla hotuba haijaanza, ujue umefika.

Nchi ile ina bomba moja la maji. Usicheke. Ni bomba kubwa, limepakwa rangi za bendera, linaitwa Bomba la Taifa, lina wimbo wake na linafanyiwa sherehe ya kuzaliwa. Shida yake ni kwamba lina mdomo mmoja, na wilaya ni nyingi. Zamani watu waligombania mdomo huo kwa maneno na maandamano, mpaka Serikali, kwa huruma yake, ikaona ugomvi wa ndugu haupendezi mbele ya wageni. Ikaleta utaratibu wa haki tupu: mbio za farasi. Kila wilaya ilete farasi wake uwanjani. Atakayetangulia, wilaya yake inapewa mdomo wa bomba kwa mwaka mzima. Wengine watavumilia. Uvumilivu nao una wizara yake.

Haki gani tena unataka? Farasi hajui kabila, hana chama, hali rushwa isipokuwa majani.

Lakini kuhamisha bomba ni kazi. Kuna mitaro, kuna mawe, kuna mkandarasi ambaye ni shemeji wa mtu. Wataalamu wakaketi, wakala, wakashauri: kwa nini tungoje mbio ziishe ndipo tuchimbe? Tumtafute mtu mwenye jicho, awapime farasi mapema, aseme nani atashinda, bomba lielekezwe huko, kisha mbio zije kuthibitisha. Hapo ndipo kilipozaliwa cheo cha Mpima Farasi Mkuu wa Taifa.

Na tangu cheo kile kizaliwe, bomba halijawahi kuhama. Liko wilaya ya Neemani, na huko limeota mizizi.

*

Vigezo vya kumpima farasi vilitungwa na kamati. Cha kwanza, manyoya yang'ae. Cha pili, kifua kiwe kipana. Cha tatu, atulie wakati wa wimbo wa taifa. Cha nne ndicho kilichowatoa jasho wanakamati: farasi aliyewahi kushinda aongezewe alama kwa kuwa aliwahi kushinda, na ambaye hajawahi apunguziwe kwa sababu hiyohiyo.

Sasa tazama mambo yalivyonyooka. Farasi wa Neemani, dume kubwa jekundu lililoitwa Mtukufu wa Tano, alikuwa anang'aa. Aling'aa kwa sababu anaogeshwa. Anaogeshwa kwa sababu kwao kuna maji. Kuna maji kwa sababu alishinda. Alishinda kwa sababu anang'aa. Mtu akiuliza duara hili linaanzia wapi, anaambiwa hana elimu ya farasi.

Wilaya ya Kwavumbi ilikuwa ng'ambo ya pili, kule ambako mvua hupita juu ikiwa na safari zake. Watu wa Kwavumbi walichota maji kwenye kisima kilicho nyuma ya vilima viwili. Maji yale yalikuwa na thamani hata yakatengenezewa adabu: mtu akifika kwako hapewi neno kabla ya maji. Si salamu ndefu, si habari za msiba, si lawama. Anywe kwanza, ndipo muongee. Asiyekunywa hajafika bado, na mtu ambaye hajafika huwezi kumuuliza kitu.

Mpima Farasi Mkuu wa Taifa alizaliwa huko. Jina lake Sudi Makarai. Tangu utotoni alikuwa na jicho la kweli. Angemtazama mnyama akimpa mgongo akakuambia mguu upi utauma kesho. Wizara ikamsikia, ikamchukua, ikampa koti refu jeupe na nyumba Neemani yenye bomba jikoni. Bomba lile lilikuwa linadondosha. Tone, tone. Mwanzoni alikuwa anainuka kitini kwenda kulikaza. Baadaye akazoea. Mimi nasema kama nilivyohadithiwa. Sitaki kumhukumu mtu kwa bomba la jikoni. Lakini alizoea.

*

Siku ya mbio uwanja wa Neemani ulifurika. Watu wa wilaya zote waliletwa kwa malori na kupewa kofia. Waziri wa Mbio, Maji na Ukweli wa Taifa, Mheshimiwa Ndekule, aliketi jukwaa kuu chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu aliyekuwa anaungua jua.

Mwaka ule Mheshimiwa alikuwa na ubunifu. Aliagiza hodhi la marumaru liwekwe pale pale kwenye mstari wa kumalizia, lijazwe maji mpaka pomoni, na juu yake yaelee maua ya waridi, ili wananchi waione zawadi wanayoshindania.

"Waione kwa macho," alisema kwenye kipaza sauti. "Maji yasibaki kuwa uvumi!"

Wakapiga makofi.

Farasi wakaingia mmoja mmoja. Wa mwisho kabisa alikuwa jike la kijivu, mbavu zinahesabika, vumbi mpaka kwenye kope. Mgongoni alibeba shogi la makuti, na ndani ya shogi madumu mawili matupu ya plastiki. Alikuwa anaongozwa na mama mmoja mwenye kanga iliyopauka. Askari wa lango akawazuia.

"Mama, umepotea. Hapa ni mbio, siyo kisimani."

"Kwetu, mwanangu, ni kitu kimoja."

"Basi mvue hayo madumu."

"Nikimvua hatembei. Atadhani leo ni msiba."

Wakamvua. Kweli, farasi akaganda kama sanamu. Wakamsukuma, wakampulizia filimbi, ofisa mmoja akamsomea kanuni. Hakuinua hata ukwato. Wakamrudishia madumu, akatembea. Mheshimiwa Ndekule akacheka mpaka miwani ikamteleza, akaruhusu, akasema michezo bila vichekesho ni mazishi.

Jike lile liliitwa Kisebusebu. Mama mwenyewe ni Mashavu Makarai, dada wa tumbo moja na Mpima Farasi Mkuu wa Taifa.

*

Kabla ya mbio farasi hutembezwa kwenye kiwanja cha vumbi mbele ya jukwaa, Mpima akiwatazama. Akimaliza huchovya mkono wa kulia ndani ya bakuli la chokaa, akapiga kiganja kwenye tako la yule atakayeshinda. Kiganja kile kikishaonekana, bomba linakuwa limeshazungumza.

Sudi alipofika kwa Kisebusebu, Mashavu hakumsalimu. Alichomoa kibuyu ubavuni, akakizibua, akamnyooshea.

"Shika kwanza."

"Dada, nipo kazini."

"Kazini kwenu watu hawana koo?"

"Baadaye, dada. Watu wanatazama."

"Mara ya mwisho kuja nyumbani ulikuwa huna mvi. Leo nimekufuata mpaka huku, na bado unaniambia baadaye." Akakiziba kibuyu taratibu. "Haya. Hujanywa, basi sina neno na wewe. Nilikuwa na moja la kukuuliza, litangoja. Mtazame tu farasi. Sikuombi upendeleo, Sudi. Mtazame."

Akamtazama. Na hapa ndipo penye shida yote ya hadithi hii, maana jicho huwezi kuliambia lisione.

Aliona nyayo kwanza. Farasi mwenye mbio ndani yake, akitembea, ukwato wa nyuma unapita alama ya ukwato wa mbele. Wa Kisebusebu ulikuwa unapita kwa kiganja kizima na zaidi. Akatazama ubavu: jike lile lilikuwa limetembea kutoka Kwavumbi tangu alfajiri, na ubavu umetulia kama mtu aliyeketi barazani. Miaka yote limebeba maji kupanda vilima viwili na kushuka viwili. Leo limebeba madumu matupu, yaani halijabeba kitu. Masikio yake yalikuwa yamesimama, yameelekea upande mmoja. Sudi akafuata masikio. Yalikuwa yanatazama hodhi.

Kisha akamtazama Mtukufu wa Tano. Anang'aa. Lakini katikati ya mapaja jasho lilikuwa linamtiririka na yeye amesimama tu, na alipotembea ukwato wa nyuma ulianguka nyuma ya alama ya mbele, kama mzee anayetafuta ngazi kwa mguu.

Sudi alijua. Hakushuku, alijua, kama mtu anavyoujua mlango wa kwao gizani.

"Mpima," Mheshimiwa aliita kutoka juu, kwa sauti ya upole, ile sauti ya upole wanayofundishwa. "Mkono."

Mkono ulikuwa umeshachovywa. Chokaa ilianza kukauka kwenye vidole. Akafikiria koti. Akafikiria nyumba. Akajiambia neno ambalo watu wa aina yake hujiambia: hata nikimpiga kiganja Kisebusebu, wataniondoa tu waweke mwingine, na mwingine huyo hatakuwa na jicho. Ona jinsi neno lile lilivyo tamu. Limejengewa nyumba nyingi.

Akampiga kiganja Mtukufu wa Tano. Uwanja ukalipuka.

*

Kuhusu mpanda farasi, Mashavu aliulizwa nani anapanda, akasema hapandi mtu. "Huwa anakwenda mwenyewe. Mimi humpokea tu." Wakapekua kanuni. Kanuni zilikataza farasi kupiga chafya mbele ya jukwaa kuu, zilikataza farasi kuwa na maoni, lakini hakuna mahali ziliposema lazima awe na mtu mgongoni.

Bunduki ikalia. Farasi wa wilaya nyingine wakaondoka kwa ustaarabu, kwa kuwa wapandaji wao walikuwa na wake na watoto. Kila Mtukufu alipokaribia, walimpisha kama mtu anavyompisha mkwe. Kisebusebu alibaki mstarini ananusa vumbi. Watu wakacheka. Upepo ukageuka.

Ukageuka ukitokea kwenye hodhi.

Jike lile likainua kichwa. Walioliona wanasema halikukimbia, lilichomoka. Madumu mgongoni yakaanza kulia, pakata-pakata-pakata, kama ngoma ya watu wenye hasira. Likampita wa kwanza, likawapita watatu kwa pamoja. Mpandaji wa Mtukufu akageuka akapaza sauti, "Pisha! Adabu! Hujui huyu ni nani?" Kisebusebu hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alikuwa na kiu ya ukoo mzima, na mbele yake kulikuwa na maji yasiyo na vilima.

Akavuka mstari hakusimama. Akatia kichwa ndani ya hodhi mpaka machoni, akanywa, akatafuna waridi moja, na alipoinua uso akapiga chafya iliyomfikia Mheshimiwa Ndekule mpaka kwenye tai.

Upande wa malori ya Kwavumbi mwanamke mmoja alianza kupiga kigelegele. Kilifika katikati akakimeza.

*

Serikali zina haraka kwenye mambo ya lazima. Kamati iliketi palepale nyuma ya jukwaa, na kabla soda zao hazijapata joto Mheshimiwa akarudi, tai imebadilishwa.

"Ndugu wananchi! Leo taifa limepata jaribu. Wapo watakaosema Mpima wetu amekosea. Nawauliza: ubashiri wa Serikali umewahi kukosea?"

"Haaapana!"

"Sasa, wapo watakaotaka tuseme mbio ndizo zimekosea. Mimi ni muungwana, siwezi kuzitukana mbio. Mbio ni za haki. Farasi huyu ameshinda!"

Kwavumbi wakatazamana. Mashavu akasimama.

"Ameshinda kweli kweli!" Mheshimiwa akaendelea. "Na Mpima alituambia mshindi atatoka wapi? Atatoka Neemani. Mshindi tunaye. Neemani tunayo. Kwa hiyo, ndugu zangu, kwa hesabu ya kawaida kabisa, farasi huyu ni wa Neemani!"

Kwanza hawakumwelewa. Kisha wakamwelewa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Wangu huyo!" Mashavu alipaza sauti. "Nimemzalisha kwa mikono hii! Mama yake alikufa mtaroni, nikamlea kwa uji!"

"Na Serikali inakushukuru sana, mama, kwa kututunzia."

"Maji tunachota na nani?"

"Swali zuri. Litafanyiwa kazi." Akageuka. "Mpima! Njoo uthibitishe. Kiganja."

Bakuli likaletwa. Sudi akashuka ngazi. Hakumtazama dada yake. Alitazama chini, na chini kulikuwa na nyayo zilezile, ukwato wa nyuma umepita wa mbele kwa kiganja na zaidi. Angeweza kusema, "Nilimwona kabla hajakimbia, na ni wa Kwavumbi." Maneno machache tu. Kipaza sauti kilikuwa karibu, na kilikuwa kimewashwa.

Akampiga kiganja Kisebusebu.

Chokaa ilikuwa imekauka, alama haikutokea.

"Rudia," Mheshimiwa akasema. "Wa nyuma hawajaona."

Akachovya tena. Akarudia.

Wakapiga makofi. Neemani walipiga. Wilaya za katikati walipiga, kwa kuwa hawakuwa wamepoteza kitu ambacho hawakuwa wameshakipoteza. Na Kwavumbi nao walipiga, kofia za Serikali vichwani, mikono ikigongana kama ya mtu mwingine. Wewe unayesoma unatikisa kichwa, unasema watu gani hawa. Vizuri. Mimi nina kumbukumbu ndefu na sina adabu, basi nakuuliza: viganja vyako vilikuwa wapi mara ya mwisho kipaza sauti kilipokuomba?

Ofisa mmoja alimfuata Mashavu langoni akamkabidhi shogi na madumu mawili. Akamweleza kwa heshima kwamba hivyo ni mali ya Kwavumbi, na Serikali haichukui mali ya wananchi.

*

Sudi alipewa nishani. Kisebusebu alipewa zizi lenye feni, akaogeshwa asubuhi na jioni, na jina lake likabadilishwa kuwa Mtukufu wa Sita.

Sudi alikuwa anakwenda kumtazama, kikazi. Aliyaona manyoya yakianza kung'aa. Alimwona akisimama mbele ya hodhi lililojaa, hanywi, mpaka azungushwe uwanja kwanza, kama anayetafuta kilima. Baadaye akaacha kutafuta. Akawa anakunywa tu. Siku moja Sudi aliinama kutazama nyayo zake kwenye vumbi, na ukwato wa nyuma ulikuwa unaangukia palepale pa mbele, haupiti tena.

Nyumbani bomba la jikoni lilikuwa linadondosha. Akaita fundi. Fundi akakaza, akasema limepona. Sudi akaendelea kulisikia. Akamwita tena. Fundi akaweka sikio, akamtazama, akasema, "Mheshimiwa, labda siyo bomba." Akaondoka bila kudai ujira.

Kesho yake Sudi akavua koti jeupe, akaliacha kitini, akashika njia ya Kwavumbi kwa miguu.

*

Alifika jua likiwa utosini. Uani kwa Mashavu wanawake walikuwa wanachambua mboga kavu. Hakuna aliyemtukana. Angelipa kitu gani ili mmoja amtukane! Walimsogezea kigoda, wakanyamaza, kwa kuwa mgeni alikuwa hajanywa.

Mashavu akatoka ndani. Kwenye paji la uso alikuwa na mfereji, ule unaochimbwa na kamba ya kubebea dumu mgongoni. Haukuwepo siku ya mbio. Alikuwa na kikombe cha bati mkononi, kimejaa mpaka ukingoni, na alikibeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala.

"Karibu, Sudi."

"Dada, mimi..."

"Kunywa."

"Sistahili, dada. Wape watoto."

"Nani amekuuliza unastahili? Umefika kwangu. Kunywa."

Akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya udongo na plastiki. Yalikuwa machache na hayakuisha upesi. Kila funda alilijua lilikopandia na lilikoshukia, na mgongo wa nani. Wanawake walimtazama koo likipanda na kushuka, mpaka tone la mwisho, kwa kuwa kuacha tone ni tusi.

Mashavu akapokea kikombe, akaketi mbele yake.

"Sasa umefika. Neno langu ni lile la siku ile. Nalisema?"

"Liseme."

"Uliona, au hukuona?"



"Niliona," Sudi akasema.

"Lini?"

"Kabla ya bunduki. Kabla sijachovya mkono."

Mashavu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea mzigo uliokuwa njiani muda mrefu.

"Mimi nilidhani jicho lako limekufa," akasema. "Nikawa nakulilia, ndugu yangu. Najiambia, maskini, wamempa nyumba wamemchukua jicho. Kumbe zima."

Akainuka. Alikwenda pembeni ya nyumba akarudi na shogi na madumu mawili, akaviweka miguuni pake. Hakumwonyesha njia, njia aliijua.

Sudi akatia kamba kwenye paji la uso, akainama, akatoka. Madumu yakaanza kulia mgongoni, pakata, pakata. Wanawake wakasimama mlangoni wakimtazama akiipanda njia ya kilima cha kwanza.

"Unamwonaje, Mashavu?" mmoja akauliza. "Atafika?"

Mashavu alitembea hatua chache njiani, akainama, akazitazama nyayo za kaka yake kwenye vumbi, jinsi mguu ulivyoangukia, jinsi kisigino kilivyozama.

"Kufika atafika," akasema. "Kurudi ndiyo sijui. Huko kisimani njia zipo mbili, na moja inakwenda Neemani."